Violezo vya nyaraka za programu na maswali ambayo mashine haiwezi kuyajibu

NENO ‘kiolezo’ si geni kwa mafundi wetu. Fundi cherehani analo, seremala analo: kipande cha karatasi ngumu au cha ubao ambacho hulazwa juu ya kitambaa au mbao, kikachorwa pembezoni, kisha fundi akakata kwa kufuata mstari. Kitenzi chake ni ‘oleza’, yaani kufanya kitu kifuate mfano wa kingine. Siku hizi neno hili limehamia ofisini na katika tarakilishi. Tuna violezo vya barua, vya wasifukazi, vya bajeti, na wanafunzi wangu wa uzamili hawaanzi tasnifu kabla ya kupata kiolezo chake.

Leo nataka tufuatilie historia ya aina moja tu ya kiolezo: kile kinachozalishwa na tarakilishi yenyewe ili kumsaidia mwandishi wa programu kuandika nyaraka za kuieleza. Msomaji asiyehusika na mambo ya tarakilishi asinikimbie. Suala lenyewe ni la lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna anayeeleza, kuna anayeelezwa, na katikati kuna karatasi yenye nafasi za kujazwa. Aliyeamua nafasi hizo ziwe zipi ndiye aliyeamua, bila sisi kujua, ni mambo gani yatasemwa na ni yapi yatanyamaziwa.

Kwa ‘nyaraka’ hapa nina maana ya maandishi yanayoambatana na programu: hufanya nini, huitwa vipi, hupewa nini, hutoa nini, na ina kasoro gani. Waraka ni neno tulilolipokea kutoka kwa Kiarabu, ambako asili yake ni jani na karatasi. Programu bila nyaraka ni kama dawa bila kijikaratasi chake. Huenda ikakuponya, lakini hujui umeze mara ngapi.

Tuanzie Murray Hill, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Huko ndiko zilikokuwa maabara za Bell Labs, na huko ndiko Ken Thompson na Dennis Ritchie walikojenga mfumo wa Unix mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walitaka mashine bora zaidi, lakini wakubwa wao hawakuwa na hamu ya kugharimia mfumo mwingine wa kuendesha tarakilishi. Mwaka wa 1969 kampuni ilikuwa imejitoa katika mradi ghali uliojulikana kama Multics, na machungu yalikuwa bado mabichi. Basi vijana hao wakaja kwa mlango mwingine. Waliomba mashine ya kutengenezea mfumo wa kuandaa maandishi! Wakanunuliwa PDP-11, na mnamo 1971 makarani wa idara ya hataza ya Bell Labs wakawa wanachapa maombi ya hataza kwa kutumia Unix. Kumbe mfumo ambao leo wazao wake wamo katika simu zetu nyingi ulilipiwa ada yake ya mwanzo na kazi ya kuchapa na kupanga maandishi.

Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na vichwa vilevile. Nikivitaja kwa Kiswahili: Jina, Muhtasari, Maelezo, Mafaili, Tazama Pia, Ujumbe wa Makosa, Kasoro, na Mwenyewe. Hebu tuvitazame viwili vya mwisho kwa makini. Chini ya ‘Mwenyewe’ liliandikwa jina la aliyeitengeneza amri hiyo, ili ukikwama ujue mlango wa kubisha. Chini ya ‘Kasoro’ mtengenezaji alitakiwa aandike, kwa mkono wake mwenyewe, ni wapi kazi yake ina walakini.

Kwa maoni yangu, kichwa hicho cha Kasoro ndicho uvumbuzi mkubwa kabisa katika historia nzima ninayoisimulia leo. Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wa idara yao na ambaye ndiye aliyesisitiza mwongozo uandikwe, alisimulia baadaye kwamba kila toleo jipya lilipokaribia kulikuwa na pilkapilka za kurekebisha programu. Mtu aliketi kuandika kasoro, akaona aibu kuichapisha, akarudi kuiondoa. Yaani swali lililokuwa kwenye karatasi lilibadilisha programu yenyewe. Sijui chombo kingine cha uandishi chenye nguvu hiyo, labda kitubio kwa wale wanaokwenda kuungama.

Enzi hizo hapakuwa na mashine ya kuzalisha kiolezo. Kiolezo kilikuwa ukurasa wa jana. Ulichukua maelezo ya amri ya mwenzako, ukafuta yake ukaweka yako, ukaacha vichwa mahali pake. Wengi wetu ndivyo tulivyojifunza kuandika barua rasmi, na si njia mbaya, kwa sababu aliyefuta sharti asome kwanza anachokifuta.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, mtu aliyetupa TeX, mfumo ambao wanahisabati hupangia vitabu vyao. Mwaka wa 1984 alichapisha makala kuhusu mtindo aliouita uandishi wa programu kama fasihi. Alipendekeza kwamba mtu aandike insha ya kumweleza binadamu mwenzake anachokusudia mashine ifanye, na msimbo uchomekwe ndani ya insha hiyo kwa mpangilio unaomfaa msomaji. Kisha programu moja ingesuka insha isomeke na binadamu, na nyingine ingechopoa msimbo na kuupanga jinsi mashine inavyotaka. Knuth aliandika TeX nzima kwa njia hiyo na mwaka wa 1986 akaichapisha kama kitabu.

Waliomfuata hawakuwa wengi. Si ajabu. Mtindo ule ulidai mwandishi wa programu awe mwandishi kwelikweli, na watu wengi walijiunga na fani hii wakikimbia insha.

Lililoenea ni wazo la chini zaidi. Lugha ya Java ilipotoka katika kampuni ya Sun katikati ya miaka ya 1990 ilikuja na chombo kiitwacho Javadoc. Hapa mwandishi huweka maelezo mafupi juu ya kila sehemu ya msimbo, na Javadoc huyachuma na kuyapanga katika kurasa za wavuti. Mnamo 1997 Dimitri van Heesch akatoa Doxygen, iliyofanya kazi kama hiyo kwa lugha nyingine. Faida yake ilikuwa dhahiri. Maelezo yalikaa jirani na msimbo, hivyo aliyebadilisha kimoja aliona haya kuacha kingine. Ila mara tu chombo kilipoanza kudai kila nafasi ijazwe, na wahariri wa msimbo wakaanza kuzijaza zenyewe nusunusu, ukazuka ugonjwa ambao hadi leo haujapata tiba. Utakuta amri iitwayo ‘pataJina’. Maelezo yake: “Hupata jina.” Inachorudisha: “Jina.” Karatasi imejaa, msomaji ametoka mikono mitupu.

Sasa tufike Auckland, nchini New Zealand, maana hapa ndipo historia hii inapokaribia zaidi vyuo vyetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland walianza kutengeneza lugha ya takwimu waliyoiita R. Walifuata nyayo za S, lugha ya takwimu iliyozaliwa kwenye Bell Labs zilezile mnamo 1976 chini ya John Chambers na wenzake. R ilitangazwa kwa umma 1993, na toleo lake la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure, na hiyo ni sababu tosha ya kuikuta kwenye tarakilishi za wanafunzi wetu wa kilimo, uchumi, afya ya umma na hata isimu. Mwaka wa 1997 Kurt Hornik na Friedrich Leisch walifungua ghala la vifurushi vya R mjini Vienna, Austria, linalojulikana kama CRAN. Kifurushi ni mkusanyiko wa amri ambazo mtu amezitunga na kuzitoa ili wengine watumie. Ghala lilianza na vifurushi 12. Leo vimepita 20,000.

Ghala linalopokea mizigo kutoka kila pembe ya dunia haliwezi kumwamini kila mchukuzi. R ikawa na kanuni: kila amri inayotolewa kwa umma lazima iwe na ukurasa wa maelezo, na ukurasa huo lazima uwe na umbo maalumu. Kumpunguzia mwandishi mzigo, R ina amri mbili ambazo ndizo kiini cha makala haya. Moja huitwa package.skeleton, nayo jina lake linasema mifupa, na ni mifupa kweli: unaipa amri zako, yenyewe inakujengea mabohari yote ya kifurushi, faili la utambulisho, na kurasa za maelezo moja kwa kila amri. Inakuachia pia faili fupi la maagizo ambalo jina lake, kwa Kiswahili, ni “Nisome kisha unifute”. Amri ya pili, prompt, hufanya kazi kama hiyo kwa ukurasa mmoja tu.

Tuone inachokifanya prompt. Inaisoma amri uliyoandika, inalichukua jina lake, inaorodhesha vigezo vyake vyote na thamani zake za awali, inaandika jinsi ya kuiita. Hayo yote inayafanya bila kukosea, kwa sababu yamo ndani ya msimbo. Kisha inaweka vichwa: maelezo mafupi, maelezo ya kina, kinachorudishwa, marejeleo, mwandishi, maelezo ya ziada, tazama pia, mifano. Chini ya vichwa hivyo haiandiki kitu isipokuwa maombi yaliyofungwa kwa alama za mawimbi. Kwa kigezo kiitwacho x, kwa mfano, inaomba: eleza x hapa. Kwa maelezo mafupi inaomba mistari 1 hadi 5 ya kusema amri hii hufanya nini.

Mawimbi hayo yananivutia. Ni mashine inayosema kwa uaminifu kabisa kwamba hapa nimefika mwisho wa ujuzi wangu. Katika matoleo ya zamani maombi hayo yalionekana hadi kwenye ukurasa uliochapishwa, iwapo mwandishi hakuyafuta. Anayepekua vifurushi vya miaka hiyo hukutana nayo bado: ukurasa umetoka Vienna ukazunguka dunia nzima ukiwa na maneno ya “eleza x hapa” katikati yake, kama suti iliyovaliwa harusini na chaki ya fundi ikiwa begani. Baadaye watengenezaji wa R waliyageuza maombi mengi kuwa maoni yasiyochapishwa. Sasa asiyejaza huacha pengo jeupe. Ukurasa umekuwa nadhifu zaidi, lakini msomaji haambiwi tena kwamba kuna swali halikujibiwa.

Kabla ya kifurushi kupokelewa, kuna ukaguzi. Mashine hukagua kama kila amri ina ukurasa, kama vigezo vilivyotajwa kwenye ukurasa ndivyo vilivyomo kwenye msimbo, na kama mifano inaendeshwa bila kukwama. Ukaguzi huu ni mkali, na nausifu. Hata hivyo, mtu anaweza kuandika upuuzi chini ya kila kichwa na bado akapita, mradi upuuzi huo una vigezo sahihi na mabano yamefungwa.

Je, hili lina uzito gani kwa mtu wa kawaida? Tuchukue amri ndogo mno ya R iitwayo sd, inayokokotoa jinsi namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Tuseme tuna namba hizi nane: 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9. Wastani ni 5. Chukua tofauti ya kila namba na 5, uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe: utapata 32. Ukigawanya 32 kwa 8, kwa kuwa namba ni nane, unapata 4, na kipeuo chake cha pili ni 2. Ukigawanya kwa 7 unapata takriban 4.57, na kipeuo chake cha pili ni 2.14. Zote mbili ni hesabu halali. Ya kwanza inafaa ikiwa namba hizo nane ndizo zote zilizopo duniani. Ya pili inafaa ikiwa ni sampuli tu ya kundi kubwa, kwa sababu sampuli ina tabia ya kupunja mtawanyiko. R hugawanya kwa idadi toa moja. Maktaba ya NumPy, inayotumiwa sana na waandishi wa lugha ya Python, hugawanya kwa idadi yenyewe usipoiagiza vinginevyo. Namba zilezile, mashine ileile, majibu mawili yanayotofautiana kwa asilimia 7. Sampuli ikiwa na namba nne tu, tofauti inafika asilimia 15.

Sasa ipe prompt amri hiyo ya sd uone. Itakuandikia jina. Itakuandikia kwamba vigezo ni viwili: x, yaani data yako, na na.rm, kinachosema data zilizokosekana zirukwe au la. Itakuandikia kuwa thamani ya awali ya kigezo cha pili ni kutoziruka. Yote sahihi. Kuhusu kugawanya kwa 7 au 8, haisemi kitu. Hata ukifungua msimbo wa sd wenyewe huoni mgawanyo wowote, maana kazi hiyo imekabidhiwa amri nyingine iliyo ndani zaidi. Jambo pekee ambalo mtafiti alihitaji kulijua haliwezi kukamatwa na kiolezo. Linajulikana kwa sababu mtu fulani aliketi akaandika, kwenye ukurasa wa maelezo wa sd, kwamba kigawanyo ni n toa 1. Sentensi moja fupi.

Nimewahi kuketi katika jopo la kutahini tasnifu ambapo mwanafunzi alihojiwa karibu nusu saa kwa sababu jedwali lake halikulingana na lile mtahini mmoja alilolikokotoa upya nyumbani. Maneno kama ‘kupika data’ yalianza kuelea chumbani. Msichana wa watu alikuwa ametumia R, mtahini alikuwa ametumia Python. Data zilikuwa safi kama zilivyokusanywa. Aliyeokoa siku ni mtaalamu mdogo wa takwimu aliyefungua kurasa mbili za maelezo mbele yetu na kuzisoma kwa sauti. Nusura mtu apoteze shahada, na heshima yake, kwa kitu kilichokuwa kimeandikwa wazi.

Hapo turudi kwenye vichwa vya 1971. Ukitazama kiolezo cha R utaona kichwa cha Kasoro hakipo. Kuna nafasi ya maelezo ya ziada, na kuna dokezo kwamba mwandishi akitaka anaweza kujiongezea sehemu ya Onyo. Akitaka! Siwalaumu waliokitunga, walikuwa na shughuli ya kuhakikisha maelfu ya watu wasiojuana wanaandika kwa umbo moja, na katika hilo walifaulu kuliko jumuiya nyingi za kisayansi ninazozijua. Lakini mwandishi aliyechoka saa sita za usiku hujaza alichoulizwa. Asichoulizwa kinabaki kichwani mwake, na siku akiacha kazi kinaondoka naye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 2008 Peter Danenberg na Manuel Eugster walileta roxygen, iliyochukua wazo la Doxygen na kuliingiza katika R: maelezo yakahamia juu ya msimbo, na kurasa zikawa zinazalishwa. Hadley Wickham aliandaa roxygen2, ambayo ndiyo waandishi wengi wa vifurushi huitumia leo. Mwaka huohuo wa 2008 Python ilipata Sphinx ya Georg Brandl. Sina mengi ya kusema juu ya vyombo hivi. Ni vizuri, vinapendeza, na maswali yao ni yaleyale.

La kujadiliwa ni lililotokea karibuni. Sasa kuna mifumo ya akili unde inayoweza kuisoma amri yako na kuyajaza mawimbi yote kwa sentensi fasaha kabisa. Wanafunzi wangu wanaitumia, nao hawana haja ya kunificha. Nakiri sentensi hizo mara nyingi ni sahihi, na mara nyingine ni bora kuliko ambazo wao wangeandika. Hofu yangu iko kwingine. Mfumo huo huona msimbo, na kutokana na msimbo unaweza kusema kwa ufasaha kile msimbo unachofanya. Hauwezi kujua kwamba mwandishi alichagua njia fulani kwa sababu vipimo vilivyokusanywa na wasaidizi wa nyanjani huwa na makosa ya aina moja kila mara, au kwamba amri isitumiwe kwa data za kabla ya mwaka fulani kwa kuwa fomu ya kukusanyia ilibadilika. Hayo hayamo katika msimbo. Zamani mahali pasipojulikana palikuwa na alama za mawimbi. Baadaye pakawa na pengo jeupe. Siku hizi pana aya laini isiyo na doa. Msomaji atajuaje kwamba hapakuwa na mtu nyuma yake?

Liko suala la lugha pia, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Mwongozo rasmi wa kuandika vifurushi vya R unaeleza kwamba katika faili la utambulisho mwandishi anaweza kuongeza sehemu ya Lugha, kuonyesha kuwa nyaraka zake hazikuandikwa kwa Kiingereza. Anachohitaji ni msimbo wa kimataifa wa lugha hiyo. Wa Kiswahili ni herufi mbili: sw. Yaani mlango uko wazi na umekuwa wazi kwa muda. Mtafiti wa Kisumu au Voi anayetunga amri za kuchanganua mavuno ya mihogo, akijua kwamba watakaozitumia ni maafisa wa kilimo wa kaunti, hana kizuizi cha kiufundi cha kumfanya aandike kwa Kiingereza maelezo ambayo yeye mwenyewe, akiulizwa ana kwa ana, angeyatoa kwa Kiswahili.

Najua jibu nitakalopewa: Kiswahili hakina istilahi. Jibu hilo lina umri mrefu, na mwaka wa 2004 lilipata pigo Dar es Salaam. Mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo nayo huenda kwa kiolezo. Mashine huyachuma maneno yote ya programu, kila kitufe na kila onyo, na kuyapanga katika orodha ndefu yenye nafasi tupu kando ya kila neno la Kiingereza. Watafsiri huketi na kuzijaza. Ndiyo, kuna istilahi zilizopendekezwa enzi hizo ambazo hazikushika, na baadhi zinachekesha hadi leo. Lakini istilahi hazizaliwi kwenye kongamano zikasubiri kutumiwa. Huzaliwa kwa sababu kuna nafasi tupu mbele ya mtu na sharti aandike kitu kabla ya jioni.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa uzamili zoezi la kuandika ukurasa wa sd kwa Kiswahili, wakitumia kiolezo cha prompt na wakiongeza kichwa cha Kasoro kwa lazima. Sehemu ambazo mashine ilikuwa imezijaza hazikuwachukua hata dakika tano. Kigawanyo cha n toa 1 kiliwachukua saa nzima, maana ilibidi kwanza wakielewe. Wawili walikiri kwamba walikuwa wameitumia amri hiyo tangu shahada ya kwanza bila kujua. Chini ya Kasoro waliandika kwamba ukiipa amri hii namba moja pekee haitakupa jibu, na kwamba data moja ikikosekana katika elfu moja jibu lote hukosekana usipoiagiza iruke. Kisha tukafika kwenye kichwa cha ukurasa na tukagawanyika. Kuna waliotaka ‘mchepuko sanifu’ na kuna walioapa kuwa ni ‘mkengeuko sanifu’, na kila upande ulikuja na kitabu chake. Kengele ilitukuta hapo, na kichwa cha ukurasa ule hadi sasa bado kina alama za mawimbi.